Kabla ya kumtafuta Ford wetu, mtafuteni aliyemtengenezea injini

Ndugu Mhariri,

Makala ya mwandishi wenu kuhusu viwanda vya magari nimeisoma yote, na ninaomba nafasi ya kumjibu. Anasema Afrika Mashariki imechelewa kwa sababu hatujampata Henry Ford wetu, mtu mmoja mwenye ndoto aliyejifungia karakanani kwake Detroit, akatengeneza gari lake mwaka 1903 na kuiuzia dunia nzima. Kuhusu ndoto sina ugomvi naye. Ugomvi wangu ni hayo maneno "akatengeneza gari lake". Gari la kwanza lililouzwa na kampuni ya Ford halikuwa na injini ya Ford. Wala giaboksi ya Ford. Wala ekseli. Vyote hivyo vilitoka kwa ndugu wawili, John na Horace Dodge, waliokuwa na karakana yao papo hapo Detroit. Chesisi zikikamilika zilipakiwa kwenye magari ya farasi na kupelekwa kwa Ford zikavalishwe bodi.

Nimekereza vyuma karakana ya reli Morogoro tangu ujanani mpaka nikastaafu. Sasa ninaishi kwa binti yangu hapa Hamtramck, Michigan, mji mdogo ambao Detroit imeuzunguka karibu pande zote, na ndiko kina Dodge walikojenga kiwanda chao. Ndiyo maana nimeona nisinyamaze. Kila nikisoma historia ya magari naona jina la aliyeuza. Aliyekata gia simwoni.

Nianze na mkataba, maana fundi bila mkataba ni kibarua. Ulitiwa saini tarehe 28 Februari 1903, wakati kampuni ya Ford haijasajiliwa bado. Ilisajiliwa tarehe 16 Juni. Ford alikuwa na mshirika, Alexander Malcomson, mfanyabiashara wa makaa ya mawe. Waliagiza kwa kina Dodge seti 650 za injini, giaboksi na ekseli, zikiwa zimefungwa kwenye chesisi, kila seti dola 250. Jumla dola 162,500. Fedha hizo hawakuwa nazo. Kampuni ilipoanza rasmi ilikuwa na taslimu dola 28,000, na Julai ya mwaka uleule akaunti ilishuka mpaka dola 223.65, ndipo daktari mmoja wa Chicago akaleta dola 850 za gari lake na watu wakapumua.

Na hiyo karakana anayoisifu mwandishi wenu? Lilikuwa jengo la mbao la kupanga, barabara ya Mack. Ndani mlikuwa na wafanyakazi kama kumi na wawili, malipo dola moja na nusu kwa siku. Walipokea chesisi za kina Dodge, wakafunga bodi zilizotoka kwa mtengeneza mabehewa, wakafunga magurudumu yaliyotoka kwa mwingine na matairi yaliyotoka kwa mwingine tena, wakajaribu gari, wakalipakia kwenye treni. Kwa lugha ya leo tungesema ni kiwanda cha kuunganisha, kama vile tunavyobezwa sisi kwamba tunaunganisha tu. Ford alianza hivyohivyo, na hakuna aliyembeza.

Sasa jiulize nani alibeba mzigo. Kina Dodge walikuwa na kazi ya uhakika, kutengeneza giaboksi za Oldsmobile, gari lililokuwa likiuzwa kuliko yote Marekani wakati huo. Kuchukua kazi ya Ford kulimaanisha kuiacha ile, kununua mashine mpya, kuagiza chuma, kulipa vibarua, vyote kabla ya kuona senti. Na mtu mwenyewe wa kumwamini ni nani? Ford alikwishashiriki katika kampuni moja iliyovunjwa mwaka 1901, akaondoka katika ya pili mwaka 1902 (hiyo ya pili ndiyo iliyogeuka kuwa Cadillac). Benki isingempa. Waliompa ni mafundi, waliotazama michoro yake wakaona injini itazunguka.

Kwa imani hiyo walipewa hisa 50 kila mmoja kati ya 1,000, yaani asilimia kumi ya kampuni. Thamani yake iliandikwa dola 10,000. Dola 7,000 walilipa kwa vifaa na 3,000 kwa hati ya ahadi. Taslimu hawakutoa. Hisa hizo nitazirudia, kwa sababu ndizo zilizokuja kuwapeleka mahakamani.

Hawakuwa watoto wa tajiri. John alizaliwa 1864 na Horace 1868, mji wa Niles, Michigan, baba yao akiwa na karakana ndogo ya kuyeyushia na kukerezea vyuma. Walikulia kwenye vumbi la chuma. Walifika Detroit mwaka 1886 wakaajiriwa kwenye kiwanda cha maboila, baadaye wakavuka mto kwenda Windsor, upande wa Kanada, kufanya kazi kwenye kampuni ya mashine za kupangia herufi za chapa. Horace ndiye aliyekuwa fundi hasa. Alibuni bering ya baiskeli isiyoingia vumbi, wakapata hataza yake mwaka 1896, wakatengeneza baiskeli wakishirikiana na mwenzao mmoja. John alikuwa mkubwa wa maneno, mwenye nywele nyekundu, hasira karibu, na pombe walikuwa hawaitupi wote wawili. Inasimuliwa kuwa barua ikija imeandikwa jina la mmoja wao peke yake hawaifungui. Ni mpaka iandikwe Dodge Brothers. Hiyo ndiyo iliyokuja kuwa chapa ya gari lao, na miaka ya mwanzo herufi DB zilikaa katikati ya nyota ya pembetatu mbili juu ya rejeta.

Miaka kumi walimtengenezea Ford. Mwaka 1910 wakahamia hapa Hamtramck kwenye kiwanda kipya kwa sababu maagizo yalikuwa yamewazidi. John alikuwa makamu wa rais wa kampuni ya Ford, maana yake alikaa mezani na kusikia mipango. Akasikia Ford anajenga uwezo wa kujitengenezea kila kitu mwenyewe kule kiwandani kwake Highland Park. Hapo ndipo wengi wetu tungelala na matumaini kwamba mteja hawezi kutuacha. John akajiuzulu mwaka 1913, wakampa Ford notisi ya mwaka mmoja, Julai 1914 wakasajili kampuni yao, na tarehe 14 Novemba 1914 gari lao la kwanza likatoka getini. Walilibatiza Old Betsy. Iko picha yao wawili wamekaa kiti cha nyuma, kofia kichwani, wamenuna kama watu waliopelekwa msibani kwa lazima.

Mhariri, hilo gari nalijua kwa mikono. Si Old Betsy yenyewe, bali ndugu yake wa mwaka 1922, la jirani yangu, Mmarekani mzee aliyestaafu kwenye kiwanda chao. Ni gari la wazi la abiria watano, lile ambalo Wamarekani waliliita la matembezi, paa la turubai la kukunja, milango minne, na ubavuni hakuna vioo. Mvua ikinyesha unafunga mapazia yenye vidirisha vya seluloidi, na ukimaliza kuyafunga mvua imekwisha. Alinijia kwa sababu bushi za springi zilikuwa zimelika na hakuna duka linalouza. Nilizikereza kwa shaba nyeusi kwenye mashine ndogo iliyo gereji kwake. Kilichonishangaza ni pini. Bushi zilikuwa zimekwisha kabisa, lakini pini za chuma zilizopita ndani yake nilizipima kwa maikromita nikakuta hazijapoteza cha kusema. Zimebeba gari miaka mia. Kina Dodge walitumia chuma chenye kromu na vanadi mahali ambapo wengine walitumia chochote kilichopatikana, na hilo halionekani kwenye picha ya tangazo. Linaonekana ukifungua.

Injini ni silinda nne, ujazo kama lita tatu na nusu, nguvu farasi 35. Ford T, gari la Ford la wakati ule, ilikuwa na 20. Ina pampu ya maji. Ford T iliyategemea maji yapande na kushuka yenyewe kwa joto. Ina gia tatu za liva. Ford T ilikuwa na mbili za kukanyaga kwa pedali. Mpangilio wa gia za Dodge, hata hivyo, ni wa kichwa ngumu: uko kinyume na magari mengine yote. Dereva aliyezoea gari jingine akikaa humo anakwenda asikotaka kwenda, na wao waliung'ang'ania zaidi ya miaka kumi. Sijui walikuwa wakimkomoa nani.

Utamu wenyewe uko kwenye kuwasha. Mwaka 1914 mwenye Ford T alishuka akapiga hendeli, na hendeli ikirudi nyuma ilivunja mikono ya watu. Dodge ilitoka kiwandani na starta ya umeme, volti 12, wakati wengi waliokuwa na starta walitumia 6. Starta na jenereta ni kifaa kimoja, kimeunganishwa na kranshafti kwa mnyororo muda wote, kwa hiyo hakuna meno ya gia yanayorukia flaiwili kwa kelele. Unabonyeza swichi kwa mguu, unasikia mvumo tu, kisha injini imeshika. Jirani yangu alinionyesha mchezo mmoja. Aliiacha injini ishuke mpaka ikaribie kuzima. Nikatega sikio nisubiri kimya. Hakikuja. Kile kifaa, kilichokuwa kikichaji betri, kiligeuka chenyewe kuwa mota na kuizungusha injini mpaka ikashika tena. Kwa dereva mgeni aliyeachia klachi vibaya katikati ya makutano, mwaka 1915, hiyo ilikuwa kuokolewa na aibu. Leo watu wanalipia magari yanayozima na kuwaka yenyewe kwenye taa za barabarani wakidhani ni jambo la juzi.

Na bodi. Magari mengi ya enzi hiyo yalikuwa fremu ya mbao iliyovalishwa bati. Kina Dodge walikwenda kwa Edward G. Budd wa Philadelphia, aliyekuwa akibembeleza watengeneza magari wakubali bodi ya chuma kitupu, wakampa oda ya maelfu. Kwa kuwa hakukuwa na mbao ya kuungua, bodi iliingizwa kwenye tanuri na rangi ikaokwa. Rangi ya mbao ilihitaji siku nyingi kukauka kati ya mpako na mpako. Mtu wa karakana ataelewa mara moja kwamba hapo waliokoa nafasi kuliko hata muda: bodi zinazongoja kukauka zinakula sakafu.

Sitasema gari halina ila. Breki ziko magurudumu ya nyuma peke yake. Nilikaa kiti cha mbele tukishuka mteremko mdogo, nikajikuta nakanyaga sakafu kumsaidia. Usukani ni mzito, gari likiwa limesimama unautafuta msaada wa Mungu. Lakini bei ilikuwa dola 785, na mwaka wa kwanza kamili, 1915, waliuza magari 45,000. Hakuna kampuni mpya iliyokuwa imefanya hivyo. Mawakala kwa maelfu waliomba kuliuza kabla hawajaliona, kwa sababu moja tu: kila mtu kwenye biashara alijua ni nani waliokuwa wakitengeneza matumbo ya Ford.

Sasa zile hisa. Kina Dodge walibaki na asilimia kumi yao ndani ya Ford hata walipokuwa washindani wake, na gawio ndilo lililowajengea kiwanda. Ford aliliona hilo. Mwaka 1916 kampuni yake ilikuwa na ziada ya karibu dola milioni 112, akatangaza kuwa gawio maalumu limekwisha. Fedha zitakwenda kupanua viwanda, kujenga tanuri la chuma mto Rouge, na kushusha bei ya gari kutoka dola 440 hadi 360. Tarehe 1 Novemba mwaka huo Edsel, mwana wa Ford, alioa, na kina Dodge walikuwepo arusini. Kesho yake wakafungua kesi. Watu wa pwani tunajua kula pilau la mtu na kumshitaki asubuhi ni jambo zito, lakini nadhani Ford mwenyewe aliwaheshimu kidogo kwa hilo.

Ford akasimama kizimbani akasema faida yake ilikuwa kubwa mno, kwamba anataka watu wengi wapate ajira na magari ya bei nafuu. Maneno matamu, na mengine ya kweli. Mahakama ya Juu ya Michigan ilitoa hukumu Februari 1919: kampuni ya biashara huendeshwa kwanza kwa faida ya wenye hisa, gawio la dola milioni 19 na ushee litolewe. Lakini ilimruhusu kujenga viwanda vyake. Hukumu hiyo wanafunzi wa sheria wa Marekani wanaisoma mpaka leo. Mimi si mwanasheria, na kama mfanyakazi moyo wangu ulianza upande wa Ford. Halafu nikakumbuka kuwa mwenye sehemu kubwa kabisa ya hisa, zaidi ya nusu, alikuwa Ford mwenyewe. Na kuwa waliomshitaki ndio waliomkopesha jasho wakati akaunti yake ina dola mia mbili. Mwaka uleule akawanunua wote. Kina Dodge walichukua dola milioni 25. Ukijumlisha na gawio la miaka yote, zile dola 10,000 za vifaa na hati ya ahadi ziliwarudishia zaidi ya milioni 30.

Sehemu ya vita naipitia haraka. Mwaka 1916, baada ya watu wa Pancho Villa, kiongozi wa waasi wa Mexico, kushambulia mji wa Columbus, New Mexico, Jenerali Pershing aliingia Mexico na jeshi, na yeye mwenyewe alisafiri kwa gari la Dodge. Tarehe 14 Mei luteni mmoja kijana, George Patton, yuleyule aliyekuja kuwa jenerali maarufu wa Vita ya Pili ya Dunia, alipelekwa na Dodge tatu kununua mahindi ya askari. Akaelekea kwenye shamba moja karibu na Rubio, akamkuta kamanda wa Villa aitwaye Julio Cárdenas, wakapigana, akarudi kambini na maiti tatu zimefungwa juu ya boneti. Wamarekani wanahesabu kuwa ndilo shambulio la kwanza la jeshi lao kwa magari, na kampuni ilipata sifa. Mimi naona ni sifa ya kujinyamazia.

Jambo la vita ninaloliheshimu ni jingine, la Vita ya Kwanza ya Dunia. Wamarekani walitaka kutengeneza mizinga ya Kifaransa ya milimita 155. Kifaa cha kupokea kishindo cha mzinga kilihitaji usahihi mkubwa sana, na Wafaransa walikimalizia kwa mkono wa mafundi bingwa. Waliamini mashine haiwezi. John alisema wao wanaweza. Wakajenga kiwanda Detroit kwa miezi michache tu, Horace akabuni mashine maalumu za kazi hiyo, na vifaa vikatoka. Aliyewahi kusugua silinda mpaka pistoni ipite kwa uzito wake bila kuyumba atajua ninasema nini. Hapo Horace Dodge hakuwa mfanyabiashara. Alikuwa mwenzangu.

Hawakukaa kula matunda. Januari 1920 walikwenda New York kwenye maonyesho ya magari, homa ya mafua ikawalaza wote wawili hotelini. John akafa tarehe 14, umri miaka 55. Horace alinyanyuka lakini hakuwa yule, akafa Desemba tarehe 10 mwaka huohuo, Florida. Wamezikwa Woodlawn, Detroit, kwenye jumba la mtindo wa Misri lenye sanamu mbili za simba wenye vichwa vya watu mlangoni. Mwaka huo waliokufa ndio gari lao lilishika nafasi ya pili Marekani nyuma ya Ford. Wajane wao, Matilda aliyekuwa katibu wa John na Anna aliyekuwa mwalimu wa piano, waliuza kampuni mwaka 1925 kwa benki ya Dillon, Read kwa dola milioni 146. Miaka mitatu baadaye Walter Chrysler akainunua. Matilda, pamoja na mumewe wa pili, alikuja kutoa ekari zaidi ya 1,400 na dola milioni 2 mwaka 1957, kikaanzishwa chuo ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Oakland.

Kiwanda cha hapa kiliishi mpaka 1980. Mwaka 1968 wafanyakazi weusi waligoma humo na kuunda chama chao, DRUM, wakilalamikia kasi ya mstari na ubaguzi wa kupandishwa vyeo. Jirani yangu alikuwepo na mpaka leo hataki utani kuhusu hilo. Jengo likabomolewa, na mtaa wa karibu, wenye watu zaidi ya 4,000, ukahamishwa wote kupisha kiwanda cha General Motors ambacho sasa kinatengeneza magari ya umeme. Kilichobaki ni makaburi ya Wayahudi yaliyo ndani ya uzio wa kiwanda, yanayofunguliwa mara chache kwa mwaka. Nikitoka msikitini hapa, adhana ikiwa imesikika kwa kipaza sauti kama Morogoro, naupita uzio huo.

Sasa nirudi kwa mwandishi wenu. Kenya ilijaribu kumzaa Ford kwa amri: mwaka 1986 Rais Moi aliwaagiza wasomi, na mwaka 1990 magari matano ya Nyayo Pioneer yakaonyeshwa Kasarani. Sisi Tanzania tulikuwa na kiwanda cha Nyumbu pale Kibaha, na malori yalitoka kweli. Siwacheki hata kidogo, vijana waliofanya kazi hizo walikuwa na akili na mikono. Lakini mahali pote pawili tulianza na gari zima, tukataka kiwanda kimoja kifanye kila kitu, bodi na bolti. Ford hakuanza hivyo. Alipata watu waliokwisha kujua kukata gia elfu moja zinazofanana, kwa sababu walishawakatia Oldsmobile.

Mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, wako watu wanaokereza shafti ya pampu kwa kuangalia ile iliyovunjika. Gikomba na Kamukunji, Nairobi, wako wanaofua chuma tangu alfajiri. Wanachokosa si ndoto. Wanakosa oda ya vipande 650, yenye saini na tarehe ya malipo, na geji ya kupimia ili kipande cha mwisho kiingie palepale kilipoingia cha kwanza. Wanaounganisha malori na mabasi kwetu wanaagiza mpaka bushi za springi kutoka nje ya nchi. Bushi! Kitu nilichokereza kwenye gereji ya jirani, nimevaa sweta mbili kwa baridi, kwa mashine ndogo kuliko niliyofundishiwa ujana wangu.

Kwa hiyo ombi langu kwenu ni hili. Mtumeni mwandishi huyohuyo, ambaye kalamu yake ni nzuri, aende kwanza kwa waunganishaji awaulize orodha ya vipuri vidogo wanavyoagiza, bei na idadi kwa mwaka. Kisha apite na orodha hiyo Gerezani, mlango kwa mlango, aulize nani anaweza kipi na kwa bei gani. Achapishe majibu yote mawili ukurasa mmoja. Na kama kuna mwunganishaji atakayetaka kujaribu kwa bushi peke yake, vipimo vya kukubali na kukataa kipande niko tayari kumwandikia bure, pamoja na mchoro wa geji ya "inapita, haipiti" ambayo kijana yeyote wa chuo cha ufundi anaweza kuitengeneza kwa siku moja.

Wenu,
Mkerezaji mstaafu
Hamtramck, Michigan